Haibridi Iliyopanda Kapsokwony

Tangu nistaafu sijala chakula cha harusi kwa amani. Nikishika tu kipande cha nyama, mtu anavuta kiti karibu yangu na kuuliza, "Mama Fundi, niambie ukweli. Ninunue gari ya haibridi ama niachane nayo?" Hata mchungaji wetu hapa Bungoma ameniuliza, tena akiwa amenishika mkono mlangoni huku nyuma yangu kuna foleni ya watu wanaotaka kwenda nyumbani kupika. Mimi humjibu kila mtu kwamba inategemea. Hawalipendi jibu hilo. Wanataka ndiyo au hapana, ili mambo yakiharibika wajue wa kumlaumu.

Nyinyi mliobaki pale gereji Kitale mnastahili jibu refu zaidi, kwa sababu magari hayo yanakuja kwenu kila wiki na mimi sipo tena. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hizo habari mnazijua na mnazisimulia vizuri kuliko mimi. Nitaandika juu ya umeme, na juu ya gari moja lililonikosesha usingizi.

Kazi niliianzia hapa Bungoma, msichana aliyemaliza shule na asiyetaka kabisa kushona nguo. Mzee Makokha, fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na kibanda karibu na reli, alinichukua kwa sababu, alisema, wavulana wote aliowafundisha walikuwa na haraka. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kigoda akaniambia nitazame. Jioni akaniuliza mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi wakati anapima waya wenye moto. Sikujua.

"Ulikuwa kwa mfuko," akasema. "Mkono moja inapima, ingine inakaa kwa mfuko. Stima ikipata mikono mbili, inapitia kwa roho. Na ikipitia huko, mimi sitakuja matanga yako, nitakuwa na aibu."

Alikuwa anaongea hivyo, hacheki. Nilipolisahau somo lake alinichapa vidole kwa kipande cha mpira wa tairi, na sikumshtaki kwa mtu. Mpaka leo nikibadilisha balbu jikoni, mkono wa kushoto unatafuta mfuko, na gauni likikosa mfuko unashika kiuno. Watoto wangu wananicheka. Wacha wacheke, nina mikono yote miwili.

Kutoka hapo nilienda Kitale, na huko ndiko nilikozeekea. Kazi ya Kitale ni kazi ya mahindi. Msimu wa kulima tunatengeneza matrekta, msimu wa kuvuna tunatengeneza malori, na katikati tunatoa vumbi la makapi kwenye kila kitu kinachozunguka. Pale nilimkuta Simiyu, fundi wa injini, ambaye tulifanya kazi bega kwa bega hadi siku niliyofunga sanduku langu. Simiyu ni mtu mzuri mwenye mdomo mbaya. Kwake gari ni petroli, gia na grisi, na umeme ni kitu cha kuwashia taa na redio.

Haibridi ya kwanza kuingia kwetu ililetwa na nesi mmoja. Alishuka, akasema amezima, akaenda kunywa chai. Hakuwa amezima. Gari lilikuwa kimya tu, kwa sababu injini ya petroli ilikuwa imepumzika na betri kubwa ndiyo ilikuwa inangoja kazi. Simiyu akafungua boneti, akaingiza kichwa na mikono yote. Injini ikajiwasha yenyewe. Aliruka, akagonga kisogo kwenye boneti, kisha akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu akiangalia vidole vyake kimoja kimoja. Hakuna aliyemtania siku hiyo, na kwa gereji yetu hilo si jambo dogo.

Kuanzia hapo nikaweka sheria yangu. Haibridi ikiingia, ufunguo nakaa nao mimi, mbali na gari. Kabla ya kugusa chochote nachomoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata njia ya umeme mkubwa, naitia kwenye mfuko wa aproni yangu, na siirudishi mpaka nimeona mikono ya kila mtu. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi kwa mazoea. Spana zangu nilizizungushia tepu nyeusi zote, nikaacha mdomo tu. Nilitafuta glavu nene za mpira kutoka kwa binamu yangu anayepanda nguzo za stima, na kila asubuhi nilizipuliza kuona kama zina tundu. Simiyu aliniita daktari wa upasuaji. Sikukataa.

Mwalimu Ndiema alikuja kwangu kabla hajanunua. Hilo peke yake lilinifanya nimpende, kwa maana wengi huja wakishanunua, wakitafuta mtu wa kuwapa pole. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Kapsokwony, mwembamba, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Mke wake, Mama Chebet, figo zilikuwa zimekataa kazi. Mara mbili kwa wiki ilibidi ateremke mlima mpaka Kitale kusafishwa damu kwa mashine. Walikuwa na pikapu kuukuu, na pikapu hiyo ilikunywa mafuta mpaka mshahara wa Mwalimu ukawa unaishia kwenye tangi.

"Kwa gari ya abiria hawezi kukaa," akaniambia. "Akitoka kwa mashine lazima alale. Teksi kila safari siwezi. Na safari zikisimama, Mama, ataniacha. Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Sitaki kununua makosa."

Nikamkalisha, nikamweleza faida kwanza. Barabara yake ilikuwa ya kupanda na kushuka, na hapo ndipo haibridi inapopata maana. Ukishuka kutoka Kapsokwony kuja Kimilili, kila ukishika breki gari linajirudishia umeme badala ya kuutupa kama joto. Breki zenyewe hudumu. Ukisimama mjini injini inalala. Hakuna starta ya kufa asubuhi ya baridi, hakuna alteneta ya kuchaji betri ikajaa makapi. Kwa mtu wa kukimbia lami iliyonyooka mpaka Nairobi, nilimwambia, sioni tofauti kubwa. Kwake naiona.

Halafu nikamwambia gharama, na hapo sikumficha kitu. Betri kubwa iko nyuma ya kiti cha nyuma, na inakuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Dalali ataosha gari mpaka ling'ae, ataapa kwa mama yake, lakini hakuna anayejua hiyo betri ilitunzwaje. Ikifa, bei ya mpya itakufanya utafute mahali pa kukaa. Mafundi wa kuifungua huku kwetu ni wachache, na wengine wakiifungua wanaimaliza. Ukitaka kuliuza, wanunuzi wanaogopa. Mwisho nikampeleka kwenye haibridi iliyokuwa uani, nikamwonyesha matundu madogo ubavuni mwa kiti cha nyuma.

"Betri inapumua hapa. Inavuta hewa ya ndani ya gari. Usije ukaiwekea gunia la mahindi."

"Gunia sitaweka," akasema. Na gunia hakuweka.

Alinunua. Miezi ya kwanza alikuwa akipitia gereji mkewe akiwa kwenye mashine, anatusalimia, anatuambia pikapu ilikuwa inamaliza tangi kabla ya Ijumaa na hili linafika Jumatatu bado lina kitu. Alikuwa ameanza kulala usingizi, unaona kwa macho. Simiyu mwenyewe alianza kulipitishia mkono lile gari akidhani hakuna anayemwona.

Kisha, mavuno yalipokwisha, pembetatu nyekundu ya onyo ikawaka kwenye dashibodi. Mara ya kwanza ilizimika yenyewe. Mara ya pili gari lilikosa nguvu kwenye mlima juu ya Kimilili, likapanda kama mzee mwenye pumu. Siku iliyofuata ya mashine halikuwaka kabisa, na Mama Chebet akakosa kusafishwa damu. Kufikia siku ya pili yake alikuwa amevimba miguu na uso, anahema kwa mdomo, hawezi kulala chali. Kanisa likachanga haraka, wakakodi gari, wakamwahisha. Daktari alimwambia Mwalimu waziwazi kwamba wakikosa tena, maji yatajaa kwenye mapafu na wasitegemee kuwahi.

Hayo alinieleza siku aliyolileta gari. Alikuwa amelitoa nyaya za betri ndogo ya kawaida usiku kucha ili kompyuta ya gari isahau hitilafu, likawaka asubuhi, akateremka mlima polepole na mkewe, akiomba Mungu njia nzima. Mkewe alikuwa ameshaunganishwa kwenye mashine. Nje ya gereji mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mlima, kama kawaida ya Kitale baada ya saa sita.

"Nina masaa ya mashine tu, Mama. Akimaliza nimrudishe."

Simiyu alifungua boneti, akafunga, akapangusa mikono. "Betri imekufa, Mwalimu. Uza hii kitu vipande vipande, rudia pikapu yako."

"Pikapu niliuza ndiyo ninunue hii," Mwalimu akasema. "Sasa Ijumaa nitambeba na nini, mgongoni?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvaa glavu.

Nikachukua ufunguo, nikachomoa plagi, nikaitia kwenye aproni, nikangoja umeme uliobaki mbele utulie. Kutongoja ndiko kunakoua mafundi wenye haraka. Mwalimu alikuwa anatembea kutoka mlango hadi ukuta, ukuta hadi mlango. Tuliondoa kiti cha nyuma, tukatoa vifuniko, na nilipofika kwenye feni inayopoza betri nikaita kila mtu aje aone.

Feni ilikuwa imejaa manyoya ya kuku. Manyoya meupe, mekundu, yale laini ya tumboni, yamesokotwa pamoja na nyuzi za rangi ya waridi na makapi mpaka yakawa godoro. Hewa haikuwa na pa kupita hata kidogo.

"Hii ni gari ama ni kiota?" Simiyu akauliza.

Mwalimu aliinama akatazama. Akaanza kueleza taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Watu wakija kumwona wanaleta kuku. Watu wa kanisa, walimu wenzangu, mashemeji wa Naitiri. Wengine wanamletea huku huku hospitali, nawabeba hapo nyuma wamefungwa miguu. Ningekataa aje?"

Hangeweza kukataa. Nyinyi mnajua kwetu. Mtu akimletea mgonjwa wako kuku halafu ukamwambia hapana, ni kama umemwambia ana nia mbaya. Kwa hiyo kuku walipanda, wakapiga mabawa hapo nyuma karibu na matundu, na feni ikavuta kila kilichodondoka.

"Na hii ya waridi?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua.

"Ni blanketi yake. Akitoka kwa mashine anasikia baridi sana, anatetemeka mpaka meno. Namlaza nyuma, namfunika vizuri." Akaangalia ubavu wa kiti, akaangalia matundu, na nikaona hesabu inafika. "Kwa hivyo kila nikimfunika nilikuwa naiziba."

Aliketi pale pale sakafuni, kwenye mafuta, na suruali yake ya shule. Moyo uliniuma kwa ajili yake. Lakini mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, na huruma yangu haikuwa na saa ya ziada.

"Mwalimu, inuka. Shika hii tochi."

Tuliweka betri juu ya benchi. Ndani yake kuna vipande vingi vimepangwa safu, kila kimoja kidogo na hakina hatari sana, lakini vikishikana ni umeme wa kutosha kukulaza. Simiyu akaleta mkono kunisaidia, na nikaona saa yake ya chuma imening'inia juu ya shaba tupu.

"Vua saa."

"Si umetoa plagi?"

"Plagi imekata njia ya kwenda mbele. Hapa ndani stima bado iko. Vua saa, Simiyu, nimekuomba kwa heshima."

Akavua. Nikapima kipande kimoja kimoja, mkono wa kushoto mfukoni. Vingi vilikuwa vimechoka kwa joto lakini vinaishi. Vichache vya katikati, ambako joto linakaa, vilikuwa vimekwisha. Nyuma ya gereji kulikuwa na haibridi ya aina hiyo iliyogongwa, ambayo mwenye gereji alikuwa akiihifadhi kwa mipango yake mwenyewe. Nilienda kwenye mvua nikatoa vipande vinavyolingana, na nikamwambia mwenye gereji baadaye. Kama ningemwambia kabla, tungekuwa bado tunazungumza.

Niliporudi, bati letu lilikuwa limeanza kuvuja. Mnajua ile sehemu, imevuja tangu zamani na kila mtu huahidi kuiziba kiangazi. Tone likaanguka ukingoni mwa benchi. Lingine likaanguka karibu zaidi. Betri ilikuwa nzito na imefunguliwa, hatukuweza kuisogeza bila kugusanisha kitu. Simiyu hakungoja kuambiwa. Alichukua beseni la kuoshea mikono, akapanda juu ya kreti, akalishika juu ya betri kwa mikono miwili. Alibaki hivyo wakati wote nilipokuwa nabadilisha vile vipande, matone yanalia kwenye beseni, na mara moja tu akasema, "Fanya haraka kidogo, Mama, bila kufanya haraka." Sijawahi kumheshimu kama siku hiyo.

Simu ya Mwalimu ilipolia nilikuwa nasugua kutu kwenye shaba za kuunganishia vipande. Alisikiliza, akageuka ukutani. Presha ya Mama Chebet ilikuwa imeshuka, wamesimamisha mashine mapema. Walikuwa wamemlaza kidogo, ametulia, lakini kitanda kinahitajika na mwenyewe anataka kwenda kwake.

Kazi hiyo haikuwa imekwisha. Vipande vipya na vya zamani lazima visawazishwe, vijazwe na kupunguzwa mpaka vilingane, na hilo ni jambo la siku nzima. Ukivifunga bila kusawazisha, betri inapata joto haraka kwenye mlima, na kompyuta ikiona joto limepita inakata nguvu. Nilimweleza Mwalimu yote. Nilimwambia pia kwamba sina uhakika.

"Ukiniuliza kama hesabu," akasema, "tukilala hapa mjini sina pa kumlaza. Tukienda na ikatae njiani, tutakuwa kwa baridi na yeye hana nguvu. Sijui, Mama. Leo sijui."

"Basi nitapanda na nyinyi," nikasema.

Tulifunga. Nikarudisha plagi baada ya kuona mikono ya kila mtu. Gari likawaka bila pembetatu, na hakuna aliyeshangilia.

Tulimchukua Mama Chebet hospitalini. Nilikuwa nimemsikia tu, sijawahi kumwona karibu. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani, macho makubwa, mkono umefungwa bandeji pale sindano zinapoingia. Nilikaa naye nyuma, kwenye simu yangu nimeunganisha kompyuta ya gari ili nione joto la betri. Blanketi la waridi lilikuwa mapajani mwake. Alipotaka kulivuta mpaka ubavuni nikalizuia, na ikabidi nimweleze.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni blanketi yangu," akasema.

"Na kuku za kanisa," Mwalimu akasema mbele, haraka, kama mtu anayetaka lawama igawanywe.

"Hizo kuku sikutaka hata mchuzi wake," Mama Chebet akasema. "Nilikuwa nakula kwa sababu walikuwa wananiangalia." Nikacheka, naye akatabasamu, kisha kutetemeka kukamshika.

Mpaka Kamukuywa na Kimilili joto lilikaa vizuri. Mvua ilikuwa imepungua. Tulipoanza kupanda, namba kwenye simu ikaanza kupanda nasi. Feni nilikuwa naisikia nyuma ya mgongo wangu ikivuta kwa nguvu, safi sasa, lakini hewa ya ndani ya gari ilikuwa ya moto, kwa sababu Mwalimu alikuwa amefungulia hita kwa ajili ya mkewe na madirisha yote yamefungwa. Betri ilikuwa inapozwa kwa hewa ya moto.

"Inasema nini?" Mwalimu akauliza.

"Endesha."

"Mama, inasema nini?"

"Inapanda. Wewe endesha."

Nguvu zikaanza kupungua. Uliisikia injini ikijikaza peke yake. Nje giza lilikuwa linaingia na ukungu unashuka mashambani, hakuna nyumba karibu na barabara. Nilijua dawa, na dawa yenyewe ilikuwa mbaya. Ukitaka kuipoza betri ya namna hiyo mlimani, unawasha AC kwa nguvu zote na kulijaza gari baridi, ili feni ivute baridi hiyo. Na pembeni yangu kulikuwa na mtu anayetetemeka mpaka kiti kinatikisika, presha chini, damu imetoka kwenye mashine muda si mrefu. Sikuweza kulisema. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilijua la kufanya na ulimi ukakataa.

Mama Chebet alikuwa ananiangalia uso. "Kuna kitu unajua," akasema.

Nikamwambia.

Mwalimu alisikia. "Hapana," akasema. "Hapana, tutasimama ipoe yenyewe."

"Tukisimama hapa nitalala hapa," mkewe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Baba Chebet, zima hiyo hita. Washa hiyo baridi."

Hakuwasha mara moja. Nilimwona kwenye kioo, mdomo umekaza, machozi yanamtoka waziwazi na hana mkono wa kuyafuta. Kisha akawasha.

Baridi iliingia kama mlango wa friza ya duka la nyama umefunguliwa. Nilivua koti langu la kazi nikamvalisha, nikamvuta kwangu, nikatuzungushia blanketi sisi wawili na kulikunja upande wangu lisifike kwenye matundu. Alikuwa mwepesi sana. Nilimsugua mgongo, nikamsugua mikono, ule wenye bandeji nikauacha. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya waya wowote, na nilimwomba Mungu kwa Kibukusu, yeye akaomba kwa lugha ya kwao, kila mtu na yake. Simu niliishika kwa mkono uliokuwa nyuma ya shingo yake.

Namba ikasimama. Ikakaa hapo kona baada ya kona. Kisha ikaanza kushuka, na nguvu ikarudi, na gari likapanda mlima wa Kapsokwony kama halijawahi kulalamika. Mlangoni kwao binti yao Chebet alikuwa amewasha moto jikoni, na walipombeba Mama Chebet ndani nilibaki kwenye gari nikiitazama namba ikishuka.

Nilirudi Kitale kesho yake, nao wakaja siku ya mashine. Alikuwa amepona baridi ile. Niliisawazisha betri vizuri, polepole, bila mvua. Mambo yao waliyapanga upya. Kuku walipanda boda. Mama Chebet akawa anakaa mbele, kiti kimelazwa, blanketi lake mbali na matundu. Kila Jumamosi Mwalimu alisafisha kichujio cha feni kwa mswaki. Na safari hazikukatika tena hata moja. Simiyu alianza kuwaambia wateja kwamba yeye na mimi ni mafundi wa haibridi. Nilimwacha.

Waliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Mama Chebet alifariki nyumbani, kitandani mwake, asubuhi, moyo ulichoka. Halikuwa jambo la gari. Tulienda kumzika, mimi na Simiyu, na nililia pale kuliko nilivyotegemea.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Mwalimu alikuja gereji. Nilidhani analeta gari liuzwe. Alisema hapana, anataka tu nilipime. Nikalipima kwa makini, kipande kimoja kimoja, na nikamwambia ukweli kwamba sijaona betri ya umri huo ikiwa nzima namna ile. Utunzaji wake ulikuwa mzuri kupita wote waliowahi kuniletea haibridi. Alishukuru. Akasimama akiwa ameshika mlango wa gari, kifungo cha juu kimefungwa, kama ana swali la mwisho na anaona haya kuliuliza.

"Mama," akasema, "nikiwa peke yangu ndani, itakuwa inakula mafuta kidogo kuliko tukiwa wawili?"

Nikamwambia ndiyo, Mwalimu. Itapungua kidogo.